Dishi, antena na redio kwenye waya mmoja: fuata njia ya umeme

Swali: Assalaam alaikum. Nyumba yangu iko Sahare, Tanga. Wakati wa ujenzi fundi aliacha bomba moja tu la milimita 20 kutoka darini hadi ukutani sebuleni, tena lina kona mbili, na waya wa pili haupiti. Juu nina dishi la kisimbuzi cha setilaiti na antena ya UHF ya kisimbuzi cha mnara. Ipo pia redio kubwa ya mzee ambayo ndani ya nyumba haishiki FM vizuri. Fundi wa dishi alifunga spilita juu na nyingine chini. Antena inaonyesha kwa kukatakata, dishi limepoteza karibu nusu ya chaneli, na siku nyingine kisimbuzi kinaandika kwamba LNB ina shoti. Je, vitu vitatu vinaweza kweli kupita waya mmoja, au nibomoe ukuta?

Jibu: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Usibomoe ukuta. Vyote vitatu vinapita waya mmoja bila kugombana, na bomba lako linatosha. Kosa liko kwenye kifaa: spilita, ambayo ni ya kugawa mawimbi, imepewa kazi ya dipleksa, ambayo ni ya kuyachuja. Kwa sura ni ndugu, vyote ni vibati vidogo vyenye matundu matatu ya kufungia, na dukani hukaa rafu moja. Ndani hawajuani.

Tuanze na kilichomo ndani ya waya. Redio ya FM inatumia megahezi 87.5 hadi 108. Televisheni ya mnara iko UHF, megahezi 470 hadi 694. Mawimbi ya setilaiti yanashuka kutoka angani yakiwa megahezi 10,700 hadi 12,750, na hayo waya wa kawaida hauwezi kuyabeba. Ndiyo kazi ya LNB pale kwenye mkono wa dishi: inayashusha hadi kati ya 950 na 2150, inayakuza, kisha inayaingiza kwenye waya. Kila mmoja ana njia yake, na kati ya mnara na setilaiti kuna pengo la kutosha. Dipleksa ni vichujio viwili ndani ya kibati kimoja. Tundu la TV linapitisha yaliyo chini ya megahezi 862 hivi, tundu la SAT linapitisha kuanzia 950 kwenda juu, na la tatu ni la waya wa pamoja. Ile ya juu ya nyumba inaunganisha, ya chini inatenganisha. Ni kifaa kilekile, kimegeuzwa tu.

Spilita haichuji chochote. Inagawa kila kinachoingia katika mafungu mawili, na kila upande unapoteza desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 3.5 hadi 4. Mbili zikifuatana, za juu na chini, umepoteza 7 hadi 8, yaani mawimbi ya antena yanafika sebuleni yakiwa kama moja ya tano au moja ya sita ya yalivyotoka. Dipleksa mbili kwa pamoja zinakula 2 hadi 3 tu. Isitoshe, soma maandishi kwenye kibati: spilita nyingi za kawaida zimeandikwa 5–1000 MHz. Hiyo inakata karibu setilaiti yote, ikibakiza zile chaneli za chini tu.

Dishi linavumilia upotevu kuliko antena, na sababu ni hiyo LNB. Inakuza mawimbi kwa desibeli 50 hadi 60 kabla hayajagusa waya. Antena yako haina msaada huo. Inachokamata ndicho inachotuma, kwa hiyo kila desibeli unayoitupa njiani unaiona kwenye picha.

Sasa ile shoti. Watu wengi huliangalia suala hili kwa upande wa picha, wakati linaloharibu kazi ni umeme. Waya wa dishi una kazi mbili: kushuka unaleta mawimbi, kupanda unapeleka umeme wa LNB. Kisimbuzi kinatuma volti 13 au 18, na volti hizo zenyewe ni amri. Zikiwa 13, LNB inachagua mawimbi ya wima; zikiwa 18, ya mlalo. Juu yake kisimbuzi kinaweza kuongeza mlio wa kilohezi 22, usiosikika, wa kuiamuru LNB ihamie masafa ya juu. Kwa hiyo umeme ukivurugika, chaneli hazipotei ovyo. Zinapotea kwa makundi. Ukisema umepoteza karibu nusu, tayari umenitajia ugonjwa.

Tazama antena yako pale katikati, kwenye kile kiboksi cha plastiki. Ndani kuna kitransfoma kidogo cha kulinganisha antena na waya. Kwa mawimbi ni njia nzuri, ila kwa umeme wa aina ya betri ni waya umeungana na waya. Ukiweka multimita, kile kipimo cha umeme, kati ya kiini (waya wa katikati) na ganda (nyuzi zinazouzunguka) utasoma karibu ohm 0. Sasa fundi wako alifunga spilita inayopitisha umeme pande zote. Volti 18 zikipanda zinakuta njia mbili, moja kwenda LNB, nyingine kwenda shoti ya antena. Na kwa nini iwe siku nyingine tu? Kwa sababu nyumba iko Sahare, na kiungio cha antena kimeshakula chumvi ya bahari. Siku kinaposhika sawasawa, shoti inakamilika na kisimbuzi kinajizima kwa usalama wake. Siku kutu inapozuia kidogo, umeme unavuja tu, volti 18 zinashuka chini ya 15 na kitu, LNB inadhani imeamriwa wima, na chaneli zote za mlalo zinapotea.

Dipleksa nzuri inapitisha umeme kwenye tundu la SAT peke yake na kuufunga kwenye tundu la TV. Hapo antena inakuwa salama hata iwe na shoti ya kuzaliwa. Angalia kibati chenyewe: utaona mshale mwekundu au maneno ya DC, yaani umeme wa aina ya betri, kwenye tundu la SAT. Kisipokuwa na alama, pima dukani kwa multimita kabla hujalipa. Kiini cha SAT na kiini cha waya wa pamoja viungane, cha TV kisiungane na chochote. Muuzaji akikununia, nenda duka la pili.

Kwa nyumba yako unahitaji dipleksa mbili za namna hiyo, miksa moja ya VHF/UHF (ya kuunganisha antena ya redio na ile ya UHF), spilita moja ndogo ya njia mbili (hiyo ya 5–1000 MHz sasa imepata kazi yake halali), waya wa RG6 wa ohm 75, na konekta za F, vile vichwa vya kufunga kwenye ncha za waya, kama kumi na nne ili uwe na za kuharibu. Waya mwembamba wa RG58 usikubali hata ukipewa bure. Ni wa ohm 50, wa redio za mawasiliano.

Kuhusu waya, chukua kipande cha sumaku uende nacho. Kikinata kwenye kiini, ni chuma kilichopakwa shaba. Mawimbi hayajali sana, kwani ya masafa haya husafiri kwenye ngozi ya kiini. Umeme wa LNB ndio unaojali: kiini cha shaba tupu cha milimita moja kina kama ohm 2 kwa mita 100, cha chuma kinafika karibu 10. Hata hivyo nisikutishe. Kwa mita 25 na LNB moja inayovuta miliampia 150 hadi 200, chuma kinapoteza chini ya volti moja, na hiyo haiui kitu. Ninakushauri shaba kwa sababu nyingine: kwa upepo wa bahari ya Tanga, ncha ya chuma iliyokatwa inaota kutu ndani ya konekta, na shaba inadumu. Usisahau na ganda. Waya wa rahisi una nyuzi chache za alumini unazoweza kuzihesabu, nazo zikigeuka unga mweupe umeme hauna njia ya kurudi.

Kabla ya kupanda, chomoa visimbuzi vyote kwenye soketi. Kukizima kwa rimoti hakutoshi, vingine huendelea kutuma volti. Ngazi usiiegemeze upande nyaya za TANESCO zinapoingilia, na mlingoti wa antena uusimamishe mahali ambapo hata ukianguka hautazifikia.

Juu, antena ya UHF iwe na nafasi ya mita moja hivi kutoka kwenye dishi, na ielekezwe kwenye mnara. Kama hujui vijiti vyake vilale au visimame, tazama antena za majirani zinazoonyesha vizuri uzifuate. Dishi halijali mnara. Kwa setilaiti iliyo nyuzi 7 Mashariki, ambayo Azam TV wanaitumia, ukiwa Tanga dishi linatazama magharibi, kama nyuzi 278 kwenye dira, kwa kimo cha nyuzi 52 hivi. Kwa hiyo mwembe wa jirani wa mashariki haukuhusu, wa magharibi ndio wa kuuangalia.

Antena ya redio ni rahisi kutengeneza. Mabomba mawili ya alumini ya sentimita 72 kila moja, yakitazamana kwenye kipande cha plastiki na pengo la sentimita mbili katikati. Kiini kwenye moja, ganda kwenye jingine. Yajaribu yakiwa yamesimama kisha yakiwa yamelala, uache yanaposikika vizuri zaidi. Waya wake ingiza tundu la VHF la miksa, wa antena ingiza tundu la UHF. Angalia tu miksa isiwe imeandikwa kwamba inazuia FM, maana zipo zinazoizuia makusudi. Kitakachotoka kwenye miksa kinaingia tundu la TV la dipleksa, waya wa LNB unaingia tundu la SAT, na la tatu ndilo linashuka kwenye bomba lako.

Sasa konekta, ambayo ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko vifaa vyote nilivyotaja. Kata ngozi ya nje milimita 12 kwa kisu kikali, bila kukwangua nyuzi za ndani. Zirudishe nyuzi nyuma juu ya ngozi, moja moja, kama unavyokunja mkono wa shati. Karatasi ya fedha iliyogandana na plastiki nyeupe iache. Kata plastiki hiyo milimita 6 ukiacha kiini kitupu, na ukisafishe kwa ukucha, kwa sababu mara nyingi hubaki ngozi nyembamba ya plastiki isiyoonekana. Sasa isimamishe ncha mbele ya macho yako kwenye mwanga. Kama kuna uzi mmoja wa ganda, mwembamba kama unywele, umejikunja na kugusa kiini, hiyo ni shoti kamili. Kazi yote itakataa na utaanza kulaumu dishi. Sukuma konekta mpaka plastiki nyeupe iwe usawa na sakafu yake ya ndani, na kiini kitokeze milimita 1 hadi 3 nje ya nati. Kikiwa kifupi hakishiki, kikiwa kirefu kinapanua tundu la kifaa. Konekta za kubana kwa koleo lake ni bora. Za kuzungusha kwa mkono ziache kwa ndani ya nyumba, na kwa Sahare nje zitalegea kabla ya mwaka.

Kila kiungio cha nje paka grisi ya silikoni kidogo, kaza, kisha zungushia tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo ipangike kama vigae. Tepu nyeusi ya umeme peke yake inayeyuka gundi kwa jua. Dipleksa na miksa nyingi zimetengenezwa kwa ndani, kwa hiyo zifiche chini ya mapaa au kwenye boksi la plastiki, matundu yakitazama chini, boksi likiwa na kitundu kidogo chini cha kutolea unyevu. Waya kabla ya kuingia nyumbani uning'inize kidogo uwe na tumbo, ili maji ya masika yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani. Waya ulioshakunywa maji unautambua ukiuchuna: nyuzi za ganda zimekuwa nyeusi. Huo haukaushwi, unakatwa hadi unapokuta nyuzi zinazong'aa.

Kwenye kona za bomba usilazimishe. RG6 haitaki mkunjo mkali kuliko sentimita 5 hivi, plastiki ya ndani ikibonyea mawimbi yanarudi yalikotoka. Funga waya mpya kwenye wa zamani, mmoja avute chini, mwingine asukume juu, na paka sabuni ya unga iliyolowekwa kidogo.

Sebuleni, waya wa pamoja unaingia dipleksa ya pili. SAT inakwenda moja kwa moja kwenye kisimbuzi cha dishi. TV inaingia ile spilita ndogo, upande mmoja kisimbuzi cha mnara, mwingine redio ya mzee. Hapa spilita haina madhara kwa sababu umeme wa LNB umeshabaki upande wa SAT. Ukitaka nadhifu, zipo soketi za ukutani zenye matundu matatu, TV, R na SAT, ambazo ndani yake zina vichujio vyote. Zinachukua nafasi ya dipleksa ya chini pamoja na spilita. Ila soma nyuma yake. Soketi ya mwisho wa waya inapoteza desibeli chache tu. Ile ya kupitisha kwenda chumba kingine inaweza kupoteza 10 au 14, na watu hununua hiyo kwa kuwa sura ni moja, kisha wanasema antena imekufa.

Ukimaliza, usichomeke vyote kwa pamoja. Washa kisimbuzi cha dishi kwanza na uangalie nguvu na ubora kwenye menyu, chaneli ya wima na ya mlalo. Kisha cha mnara. Kisha redio. Chaneli za mlalo zikikosekana peke yake, pima volti kwenye waya ule unaoingia LNB, LNB ikiwa imefungwa na inafanya kazi. Ukisoma chini ya 16 wakati kisimbuzi kinatuma 18, rudi kwenye maungio moja baada ya jingine. Zikikosekana za masafa ya juu tu, mlio wa kilohezi 22 unaliwa mahali, na mshukiwa wa kwanza ni dipleksa ya rahisi. Visimbuzi vyote viwili vikiwa havina kitu kabisa, hakikisha hujabadilisha SAT na TV kwenye dipleksa moja. Hutokea sana, hasa giza likiingia. Mvua kubwa ikikata dishi kwa dakika kumi huku antena ikiendelea, huna la kutengeneza. Masafa ya setilaiti hunywewa na matone ya mvua.

Kuna jaribu moja litakujia: kuongeza busta, kifaa cha kukuza mawimbi, kwenye antena. Kwanza inua antena mita mbili zaidi ujaribu. Kisimbuzi cha mnara kikiwa na menyu ya kutuma volti 5 kwenye antena, izime. Tundu la TV la dipleksa haliipitishi, na kwa kiboksi kile cha antena nayo ni shoti. Kama busta lazima, ifunge kati ya miksa na dipleksa, ikipata umeme wake darini kwa adapta yake, usikutane na umeme wa LNB. Zipo za kulishwa na volti za kisimbuzi cha dishi, lakini mtoto akizima kisimbuzi hicho, televisheni ya mnara nayo inakufa, na utaitwa juu ya bati bure. Chagua yenye kichujio cha kukata kuanzia megahezi 694, kwa sababu hapo juu ni mitandao ya simu ya 4G, na busta isiyochuja hukuza mnara wa simu wa karibu hadi ikafunika televisheni.

Waya huu mmoja unalisha kisimbuzi kimoja tu cha dishi. Ukigawa SAT kwa visimbuzi viwili, kimoja kitaamuru 13, kingine 18, na LNB haina masikio mawili. Chumba cha pili kinahitaji LNB yenye matokeo mawili na waya wake mwenyewe. Au, kama visimbuzi vyako vinaikubali, LNB ya mfumo wa unikebo, ambayo kila kisimbuzi hupewa masafa yake ndani ya waya uleule. Hapo dipleksa zinabaki kama zilivyo.

La mwisho, ethi. Mlingoti uungwe na ethi ya nyumba kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, na maganda ya nyaya yaungwe pamoja kwa waya usiopungua 4. Hiyo inapunguza umeme unaojikusanya na radi ya jirani. Radi ikipiga mlingoti wenyewe haizuii, kwa hiyo ukisikia ngurumo inakaribia kutoka Usambara, chomoa ule waya wa pamoja kwenye dipleksa ya sebuleni, pamoja na plagi za soketi.